Miraba tisa ya vitenge: mishono ikutane vipi?

Mama Nuru: Habari zenu wapendwa. Fundi jirani hunipa mabaki ya vitenge, nami naviunga kwa ule mtindo wa zamani wa Marekani wa miraba tisa: mitano ya rangi iliyokoza, minne ya rangi hafifu, ikipishana katika safu tatu. Naupenda mno! Nifanyeje pembe zikutane sawasawa?

Saida: Dada, fua kwanza, kitenge kipya hurudi na huchuja. Mshono uwe robo inchi kutoka ukingoni, usibadilike hata kidogo. Miraba ya inchi 2.5 itakupa kipande cha inchi 6.5.

Bi Rehema: Siri ni pasi, mwanangu. Kila mshono ulaze upande wa kitambaa kilichokoza. Ukibananisha safu mbili, mishono italala pande tofauti na kuumana. Utaihisi kwa kidole. Hapo ndipo uchome pini.

Mama Nuru: Shukrani bibi! Pasi iko motoni.