Rosta ya Desemba imetoka, na mimi Busia lazima nifike

nabwire_wa_kaunta

Wenzangu mnaofanya kazi Kampala na kwenu ni mbali, nisaidieni mawazo. Mimi ni keshia wa supamaketi upande wa Ntinda. Rosta imebandikwa jana kwenye mlango wa stoo: tarehe 24 nafunga kaunta saa sita usiku, 25 niko huru, 26 naingia saa tano asubuhi hadi saa nne usiku, 27 naingia saa nane mchana. Likizo Desemba hapewi mtu. Ukiomba unaulizwa kama wewe ni mgeni hapa.

Kwetu ni Busia, si mjini, ni huko chini njia ya Majanji. Mama yangu si mtu wa kuambiwa "nitakuja Januari". Kwake Krismasi ni tarehe 25, ibada ikishatoka, wali na kuku mezani, na wanawe wote anawaona kwa macho yake. Jogoo ameshamtenga. Kila akipiga simu lazima anipe habari za huyo jogoo, kala, hajala, leo kachangamka, utadhani ni mgonjwa aliyelazwa. Kaka zangu wako Jinja, hao hawana shida, wakitaka wanafika na kurudi siku hiyohiyo.

Halafu kuna marafiki. Tuliosoma pamoja sekondari huwa tunakutana 26 ufukweni Majanji, samaki tunanunua palepale mitumbwi inapotua, aliye na sufuria analeta sufuria. Mwaka huu anakuja mwenzetu mmoja aliyekuwa Saudia kwenye kazi za nyumbani. Alipoondoka mtoto wake alikuwa bado ananyonya, sasa anakimbia. Januari anarudi hukohuko, ameshasaini mkataba mwingine. Nikimkosa sasa, nimemkosa.

Nauli mnaijua. Na ukitoka Kampala huingii kijijini mikono mitupu: sukari, mikate, mafuta ya kupikia, nguo za Krismasi za watoto wa kaka. Februari shule zinafunguliwa, na mtoto wangu anaingia P4, darasa la nne.

Je, niondoke usiku uleule wa 24 nikitoka kaunta? Nibaki tu Kampala? Au kuna namna ya kuzungumza na supavaiza akaelewa? Msiniambie niache kazi, hilo naweza kujiambia mwenyewe.

dereva_njia_ya_malaba

Dada Nabwire, usiku wa 24 usijaribu. Nimeendesha basi njia hiyo muda mrefu, kwa hiyo nisikilize. Tarehe 23 na 24 Kampala nzima inatoka. Kuanzia Kireka, Bweyogerere, Namanve, hadi uipite Mukono, ni kutambaa tu. Ukiingia msitu wa Mabira ndipo unapumua. Atakayekuja paki ya mabasi baada ya saa sita usiku anapata gari lililobaki na dereva ambaye hajalala tangu juzi. Mwenye gari anahesabu mizunguko, sisi tunageuza gari bila hata kushuka kunyoosha miguu. Sipendi kulisema hili mbele ya abiria, lakini ndivyo ilivyo.

Wewe lala. 25 uwe paki ya Namayiba kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Barabara asubuhi hiyo ni yako peke yako. Busia ni kama kilomita 200, gari lisiloshushashusha linakufikisha kwa saa nne hivi. Utawakuta bado wako kanisani.

Kuhusu nauli, watu hututukana bure kondakta na mimi. Basi la 23 likishusha abiria Busia linarudi Kampala viti vitupu. Anayekwenda ndiye anayelipia na hivyo viti. Ndiyo maana kurudi tarehe 26 au 27 bei iko chini, usikubali kutozwa ile ya kwendea. Ila gari la 25 usiku usipande hata wakikupa bure. Dereva naye ana Krismasi yake, na chupa yake.

Mizigo mizito tuma wiki ya kwanza ya Desemba kama kifurushi, kaka aipokee kituoni. Usingoje uibebe mwenyewe.

hajati_wa_bombo

Mwanangu, mimi ni muuguzi, Mnubi wa Bombo. Wodini kwetu jambo hili lilikwisha zamani. Krismasi na Pasaka tunashika zamu sisi Waislamu, Idi zote mbili wanashika wao. Kazini kwako hakuna Mwislamu hata mmoja? Mtafute. Huyo 26 kwake ni siku kama nyingine.

Ila jueni mnachokubaliana. Krismasi ina tarehe, Idi ina mwezi. Hatujui ni kesho au keshokutwa mpaka usiku mwezi uonekane, kwa hiyo atakayekushikia siku moja wewe anakudai mbili, zote uziache wazi. Ndipo watu hugombana hapo: Mkristo anasema "mimi nilijitolea Jumatatu tu". Tena iandikwe. Kwa mdomo, ikifika Idi utasikia mtu anaumwa kichwa.

karani_wa_mishahara

Naongeza la sheria kwa kifupi. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne uliyofanya kazi mfululizo, yaani 21 kwa mwaka. Lakini lini uzichukue ni makubaliano kati yako na mwajiri. Kwa hiyo kukunyima Desemba anaweza, kukunyima mwaka mzima hawezi. Na 25 na 26 zote ni sikukuu za taifa. Ukifanya kazi sikukuu unastahili siku nyingine ya kupumzika yenye malipo, na saa za ziada za siku hiyo zinalipwa mara mbili. Angalia karatasi yako ya mshahara ya Desemba iliyopita uone kama lilifanyika hilo.

Usiende na maneno haya tarehe 20 duka limejaa. Nenda wiki hii, na barua.

wa_kitgum

Mimi siku hizi siendi Desemba kabisa. Nilianza 2024, daraja la Karuma kwenye njia ya kwetu lilipofungwa kwa matengenezo, mabasi yakazungushwa mbali. Nikaahirisha nikaenda Januari katikati. Nauli ya kawaida, wazee wana nafasi ya kukaa na wewe chini ya mwembe. Krismasi unasalimia watu mia na huongei na yeyote, halafu wanaokuomba pesa wamepanga mstari. Marafiki pia, wakinywa sana hakuna mazungumzo.

Mama atanuna mwaka mmoja, wa pili atazoea.

nabwire_wa_kaunta

Wa Kitgum, wewe humjui mama yangu. Huyo hazoei. Kuna mjomba alikosa Krismasi miaka ya nyuma, mpaka leo akija anaulizwa kwanza kama njia ameikumbuka. Na marafiki wakinywa ndipo tunaposikia ukweli.

Hajati, asante sana mama. Yupo mwenzangu wa sehemu ya mboga, ni wa Iganga, Mwislamu. Nilipomwambia alicheka, akasema alikuwa anangoja mtu aulize. Anashika 26 yangu, mimi namshikia Idi na siku inayofuata. Tumeandika kwenye daftari la zamu, supavaiza akasaini bila hata kuinua macho. Shida yake ni kaunta iwe na mtu, si nani.

Karani, karatasi ya mshahara nimeitazama. Hiyo ya mara mbili sikuiona. Barua naandika, lakini baada ya Krismasi, nisije nikapoteza na hii 26.

Kwa hiyo 25 alfajiri naondoka, 26 Majanji, 27 alfajiri narudi. Dereva, mawili tu. Kilo kumi za sukari na mafuta, karani wa vifurushi anapima au anakadiria kwa macho? Na pale Namawojjolo njiani, asubuhi ya Krismasi wale wauzaji wa kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, wanakuwepo?

dereva_njia_ya_malaba

Namawojjolo wapo, wale wanauza hata mvua ikinyesha mawe. Mwambie kondakta mapema, maana siku hiyo tunapita bila kusimama. Kifurushi wanakadiria kwa macho, na wanaanza kwa kukutazama wewe. Usiende umevaa vizuri.