Nakabwa nikilala asubuhi baada ya shifti ya usiku, mama anataka nipelekwe kwa mganga. Naombeni ushauri

Mtoto wa Makorora (mwanzisha uzi)
Habari za humu wakuu. Nina miaka 27, nimepanga chumba Mabibo, nafanya kazi kiwandani. Tangu nihamishiwe shifti ya usiku, nikirudi asubuhi nikalala, kuna siku nashtuka macho yanaona kila kitu: feni, pazia, nguo kwenye kamba. Namsikia hata mama mwenye nyumba akigombana na muuza mkaa. Ila mwili hausogei hata kidole. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Kifuani kuna kitu kimenikalia, na pale mlangoni nahisi kuna mtu amesimama. Sura sijawahi kuiona. Inakatika ghafla, nimelowa jasho.

Mama yuko Tanga, nikamsimulia kwa simu. Ameshapata mtaalamu anayesema nimetupiwa kitu na mtu wa kazini anayetaka nafasi yangu (nafasi gani jamani, ya kubeba maboksi?). Anadai laki tatu na nusu na beberu mweusi. Mama sitaki kumvunja moyo, ila hela hiyo sina. Niende hospitali? Na nikifika naanzaje kueleza? Pombe sinywi, sigara sivuti. Nawasilisha.

Nyuki Mkali
Pole mkuu. Hama hicho chumba. Uliza kwanza kabla yako alikaa nani na aliondokaje.

Mkaa Baraza
Huyo anayesimama mlangoni kila siku, mwambie mchangie kodi.

Mjukuu wa Wete
Msicheke. Mie 1995 nilikuwa mtoto Pemba, alipozuka Popobawa, yule jini aliyesemwa huwavamia watu usiku wamelala majumbani. Tukilala nje kijiji kizima, wanaume wamezunguka moto mpaka alfajiri. Kisha ikasikika kavuka Unguja. Mwaka 2007 taharuki ikarudi, mara hii Dar es Salaam. Nawakumbuka wakubwa wakisimulia, na takriban wote maneno yao ni haya ya mwenye uzi: mwili mzito, sauti haitoki, mtu yupo na uso humuoni. Siku hizi najiuliza jengine. Watu walikuwa hawalali kwa khofu, usiku baada ya usiku. Asiyelala akija kupitiwa na usingizi, si ndiyo hukabwa zaidi?

Dokta Mdogo
Mjukuu wa Wete umegusa penyewe. Mimi ni tabibu tu, si bingwa, ila hili nalikuta sana kwa walinzi, manesi na wanafunzi wakati wa mitihani.

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Ndani yake kuna kipindi cha ndoto, ubongo unachangamka karibu kama wa mtu aliye macho. Kipindi hicho ubongo wenyewe huizuia misuli, usije ukaota unapiga penalti ukamvunja mbavu uliyelala naye. Inayobaki kufanya kazi ni misuli ya macho na kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Wewe, Makorora, akili inaamka wakati misuli bado haijaachiwa.

Uzito wa kifuani una maelezo yake. Misuli ya mbavu haikusaidii, unapumua kwa kiwambo peke yake. Ukilazimisha kuvuta pumzi ndefu kifua hakifuati, nawe unahisi umekaliwa. Hewa inaingia, hufi. Na huyo wa mlangoni ni ndoto ambayo haijakatika, ila unaiota macho yakiwa wazi.

Kwa nini asubuhi? Saa ya mwili huuweka usingizi wa ndoto kwa wingi kuelekea alfajiri na asubuhi, na ndipo wewe unapolala, tena ukiwa na deni la usingizi. Je, unalala chali? Unakunywa nini kazini?

Mtoto wa Makorora
Chali kabisa, chumba kina joto. Kazini tunakunywa enaji, ya mwisho kama saa kumi alfajiri ili nisisinzie kwenye mashine.

Dokta Mdogo
Basi lala ubavu, weka hata mto mgongoni. Enaji ya mwisho iwe saa sita usiku. Ile kafeini iliyomo kwenye enaji, yakishapita masaa matano hivi karibu nusu yake bado inazunguka mwilini, kwa hiyo unalala usingizi wa kukatikakatika. Weka pazia zito. Ikikukuta, usipigane nayo: pumua polepole, hangaika na kidole kimoja cha mguu mpaka kisogee. Kituo cha afya nenda tu, waeleze kama ulivyoeleza hapa. Na ujibu hili: ukicheka sana, magoti hulegea?

Turniboi wa Mariakani
Sisi wa malori ya Mombasa hadi Malaba ni miraa. Dereva wangu akitafuna usiku kucha, siku ya kupumzika analala akipiga mayowe. Ajabu ni kwamba akiacha siku mbili tatu, ndoto zinazidi kwanza ndipo zitulie.

Ummu Sabra
Mwanangu, mama yako anaogopa, hakudanganywa kwa ujinga. Mwambie utafanya kisomo: udhu, Ayatul Kursiyyu, na ulale ubavu wa kulia kama tulivyofundishwa. Daktari naye kasema ubavu. Beberu abaki zizini.

Mtoto wa Makorora
Mama kakubali kisomo, mtaalamu nimemzuia kwa sasa. Magoti hayalegei, dokta.

Kimya Kingi
Samahani kuingilia uzi. Hayo ya magoti ni mimi. Nikichekeshwa, kidevu kinalegea na miguu inakatika. Nilianguka na sinia la pilau harusini, akili nzima ipo, nasikia watu wakisema nimepandisha mashetani. Kukabwa ndiyo usiseme. Na nasinzia popote, daladala hunipitisha kituo. Shuleni niliitwa mvivu.

Dokta Mdogo
Dada, lako ni tofauti na la mwenye uzi, usilitibu kwa mto. Maelezo yako yanafanana na ugonjwa uitwao nakolepsia. Mwaka 1998 watafiti waligundua oreksini, kemikali ya ubongo inayotusaidia kubaki macho. Wenye aina hii ya kulegea wakicheka, seli zinazoitengeneza huwa zimepotea karibu zote. Si uvivu wala mashetani, na dawa za kupunguza zipo. Anza hospitali ya wilaya au mkoa, omba rufaa kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Muhimbili wapo. Kwa sasa usiendeshe chombo chochote.

Kimya Kingi
Niko Morogoro. Niende na nani, mume wangu au niende mwenyewe?

Dokta Mdogo
Nenda naye. Yeye ndiye amekuona ukianguka na ukilala, atajibu maswali ambayo wewe huwezi. Kabla ya kwenda, andikeni wiki mbili saa unazolala, unazosinzia na kilichokuchekesha ukalegea.

Mkaa Baraza
Na mfike mapema, kabla foleni ya kadi haijafika getini.