GMAT: niamini alama za jaribio lipi?

Swali (Kisumu): Mtihani wangu wa GMAT (wa kuombea nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya biashara, MBA) ni baada ya wiki 5, nalenga 605. Majaribio ya mtandaoni yananipa 545, 625, halafu 575. Je, niko tayari?

Jibu (Nakuru): Ya nani hayo? Kila kampuni ya mafunzo ina kanuni yake ya kukokotoa alama, kwa hivyo hizo tatu huwezi kuzilinganisha. Wenye mtihani hutoa majaribio 2 ya bure kwenye mba.com. Fanya moja sasa, la pili siku 10 kabla ya mtihani. Usiyafungue kuchungulia: swali ulilokwisha kuliona hupandisha alama, si ujuzi.

Jibu (Kakamega): Na uyafanye kama mtihani wenyewe. Sehemu ni 3, dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha 23, uchambuzi wa data 20. Mapumziko ni moja tu, dakika 10. Kikokotoo kinaruhusiwa kwenye data pekee. Wengi hufanya hesabu nacho nyumbani, kisha wanashangaa. Stima zikipotea ukasimamisha saa, alama hiyo itupe.

Jibu (Nakuru): Naongezea, jumla haitoshi. Kila kosa liandikie sababu: sikuijua mada, nilisoma vibaya, au muda uliniishia. La kwanza linahitaji kitabu, la tatu linahitaji saa. Kuacha maswali ya mwisho bila jibu kunakatwa alama, heri ubahatishe.

Muulizaji: Kumbe! Ile 625 nilitumia kikokotoo mwanzo mwisho. Naanza na la mba.com Jumamosi asubuhi.