Bendi ikizeeka iage, au irithishwe?

Mtu wa Kikwajuni
Assalamu alaykum jamaa. Hili nimelibishania sana barazani, leo nataka na wengine mlitie mkono. Kikundi cha muziki kikishazeeka kitoe kazi ya mwisho, kiage, kifunge? Au kiendelee kwa watoto na wajukuu hadi kijifie chenyewe?

Mie nasema kiage. Mfano nautoa mbali, kwa wapiga panki, wale wa magita ya kukwaruza na nyimbo za dakika mbili. Ramones wa New York walianza 1974. Vijana wanne wa Queens, hawana nasaba baina yao, lakini kila mmoja akajiita Ramone utadhani wametoka tumbo moja. Mwaka 1995 wakatoa albamu yao ya 14 na jina lenyewe ni kwaheri: ¡Adios Amigos! Kwenye jalada wamechorwa dinosaria waliovaa makofia mapana ya Kimexico, yaani wamejicheka kabla hawajachekwa. Tarehe 6 Agosti 1996 wakapiga Hollywood onesho lao la 2,263, basi, wakafunga. Joey mwimbaji akafariki 2001, Johnny mpiga gita 2004. Wangengoja kidogo tu, nani angeaga?

Sisi vikundi vyetu vinakufa kwa kukonda. Mwaka huu fidla tatu, mwakani moja, halafu kinanda cha umeme kinaigiza fidla zote, na ile ala ya nyuzi nyingi, kanuni, juu yake. Mwimbaji aliyekuwa nguzo anaondoka na nyimbo thelathini kichwani ambazo hakuna aliyezirikodi. Albamu ya kuaga faida yake ni hiyo: kila mtu anajua hakuna nyingine, kwa hiyo watu wanakaa chini wakaifanya.

Bint Wete
Yakhe, hao Ramones umewasimulia nusu. Siku ile ya Hollywood, katika wale wanne wa mwanzo walikuwa wamebaki wawili, Joey na Johnny. Tommy aliacha ngoma tangu 1978. Dee Dee aliondoka 1989, akaingizwa kijana mpiga besi, na yeye akapewa jina la Ramone, C.J. Kwa hiyo hata hao unaowasifu kwa kuaga walikuwa wamesharithisha, tena hadi jina.

Na hao Joey na Johnny walikuwa karibu hawasemezani kwa miaka chungu nzima, huku wakisafiri gari moja. Ile ilikuwa talaka iliyocheleweshwa, usituletee kama adabu.

Fidla Kongwe
Wanangu, mimi ni mtu wa taarab, huo panki siujui sana. Lakini angalieni klabu zetu za taarab: Ikhwani Safaa iko tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Waasisi wangeamua kuaga na kufunga, nyinyi mngekuwa na nini leo cha kubishania? Klabu ni maskani, ala, daftari la mashairi na mtu wa kumfundisha mwengine. Nilipoingia mimi nilipewa daftari limeshonwa upya kwa uzi wa kuvulia, mashairi yameandikwa kwa herufi za Kiarabu, na pembeni pana masahihisho ya mikono miwili tofauti. Mmoja sikumdiriki. Nikipiga beti lake namjua.

La kurikodi nakubaliana nalo. Ila msilifunge na kuaga. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, sauti yake tunayo kwa sababu alianza kutiwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928, akiwa na nguvu zake, miaka zaidi ya ishirini kabla hajafa. Mkingoja hadi mtu awe wa kuaga mtarikodi kikohozi.

Shangani Boi
Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kazaliwa hapa hapa Mji Mkongwe 1946, amefariki 1991, na Queen wamezunguka dunia na mwimbaji mwengine, Adam Lambert, kwa miaka. Watu wanalipa, wanaimba, wanarudi kwao. Tatizo liko wapi?

Bint Wete
Tatizo muulize John Deacon, mpiga besi wao. Amejitoa tangu miaka ya tisini na hakurudi tena jukwaani.

Sanduku la Chai
Mnalinganisha visivyolingana. Panki ukitaka kuitafutia jamaa hapa kwetu, usende kwenye taarab ya viti na suti. Nenda kwenye kidumbaki, muziki wa harusi. Sanduku la mbao, kijiti, uzi mmoja, tayari una besi. Vidumbaki viwili, yaani vile vingoma vidogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa kugonga, fidla moja inayolia hadi alfajiri, na maneno ambayo mama yako asingependa uyasikie. Hakuna aliyesoma, hakuna anayengoja ruhusa. Na kidumbaki hakiagi, kwa sababu hakina jina la kufunga. Harusi ya Alhamisi ipo, aliyepo anapiga.

Mama wa Chukwani
Hamjagusa pesa, na hapo ndipo penyewe. Sum 41, bendi ya panki ya Canada, walitoa albamu ya mwisho Machi 2024, onesho la mwisho Toronto 30 Januari 2025. Kwaheri ya miezi kumi, na kila mji umelipa. Nawaheshimu kwa hilo. Kwetu mwimbaji akiugua ndipo tunapitisha kapu, mmoja elfu mbili, mmoja dua. Aage akiwa mzima, akusanye chake, anunue mafuta ya taa na dawa zake mwenyewe. Hayo ya sanaa mtayajadili nyinyi wanaume wa baraza.

Shangani Boi
Wakishakula wanarudi. Sex Pistols, wapanki wa Uingereza, walivunjika Januari 1978, wakarudi 1996, na ziara wakaipa jina la pesa haramu, hawakuficha hata kidogo.

Mama wa Chukwani
Na warudi. Nani amekatazwa kuchuma mara mbili?

Mtu wa Kikwajuni
Ami Fidla Kongwe, hoja ya Siti imenigusa, lakini inaniunga mkono mimi. Santuri hazikujileta, mtu aliamua siku na safari ikafungwa. Vikundi vyetu haviamui, kila mwaka ni "inshallah mwakani". Bila ya siku ya mwisho hakuna anayeshtuka. Nawauliza: tukichagua wazee wa kikundi kimoja tu mwaka huu, tukawaingiza studio, tukafanya usiku mmoja wa tiketi Ngome Kongwe, mapato yote yao, kikundi chenyewe kibaki kwa vijana. Wanaoaga wawe watu, si klabu. Kuna ubaya?

Fidla Kongwe
Hilo nalisikiliza. Lakini kabla ya studio nataka kujua COSOZA, kwenye hakimiliki za Zanzibar, kutaandikishwa jina la nani. Sisi zamani tulirikodi kaseti kwa mtu, tukapewa chai na nauli, tukaisikia inauzwa hadi Mombasa. Mtunzi, mwimbaji na klabu, kila mmoja fungu lake liandikwe kabla mtu hajakaza uzi. Nani atayaandika hayo?