Mafundi wa Tanga, nani kawaambia mtoe vifaa kwenye gari za watu bila kuuliza?

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na nitaandika nikiwa na hasira hivyo hivyo. Uzi huu ni kwa wote wenye pikapu za zamani, hasa sisi wa Tanga tunaozitegemea kwa mizigo ya Muheza, Pangani na kule milimani. Lakini zaidi ni kwa mafundi. Fundi ukiuona usiupite, soma mpaka chini halafu njoo ujibu.

Gari yangu ni Hilux LN106, injini inaitwa 3L, dizeli ya lita 2.8. Mnaijua. Gari ya miaka ya 90, springi za bamba mbele na nyuma, haina kompyuta. Kazi karibu zote naifanyia mwenyewe uani kwangu Sahare: oili, filta, breki, mkanda wa taimingi, mipira ya rejeta, kuziba kutu ya chesisi ambayo kwa upepo huu wa bahari haiishi. Kwa kazi ya springi nilihitaji mtu wa pili na jeki kubwa, ndiyo maana nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Kazi niliyoagiza ni MOJA: kuongeza bamba moja la springi kila upande wa nyuma, maana msimu wa machungwa gari inakaa chini sana ikipakia.

Gari nikakabidhiwa imenyanyuka vizuri, na kazi ya springi yenyewe ni safi, siwezi kuwavunjia heshima kwa hilo. Ila kutoka gereji mpaka nyumbani mshale wa joto haukunyanyuka. Nikaipeleka makusudi mpaka Amboni na kurudi, mshale umelala pale pale chini. Anayeijua 3L ameshajua nilichokuta.

Nikafungua boneti. Nyumba ya themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, imezungushiwa gundi ya silikoni nyekundu, imefurika pande zote, na hapo hapajawahi kuwa na silikoni maana niliweka gasketi ya karatasi mimi mwenyewe. Nikafungua boliti. Ndani themostati hakuna. Tupu! Silikoni iliyozidi imeingia ndani imejikunja nyuzi nyuzi, nyingine zimeshakatika. Zimekwenda wapi? Kwenye rejeta, kwenye vile vijitundu vyembamba, zikakae humo. Na kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, niliyokuwa nimeweka imemwagwa yote, badala yake ni maji. Nikachovya kidole nikaonja: maji ya kisima, yale ya chumvi chumvi tunayoyajua wote.

Nikarudi gereji. Jibu la mwenye gereji nalinukuu kama lilivyo: "Bosi wangu, gari tuliiacha inaunguruma tukaona inataka kuchemsha, tukakusaidia. Na Tanga hii, joto lote hili, themostati ya nini? Hizo ni za huko Ulaya kwenye barafu." Nikamwambia sawa, nipe themostati yangu. Akasema imetupwa.

Kifaa nilichonunua kwa hela yangu, kimetolewa kwenye gari yangu bila kuulizwa, kimetupwa, halafu naambiwa nimesaidiwa!

Sasa hili neno la "nchi ya joto haihitaji themostati" limeenea gereji zote kuanzia Ngamiani mpaka Kange, na linaua injini za watu. Themostati haiwekwi kwa ajili ya barafu. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi upesi na kuishikilia hapo. Ya kawaida kwenye hizi Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Hata hapa Tanga mchana wa Februari hewa ni nyuzi thelathini na kitu, bado sana. Injini ya dizeli ikifanya kazi ya baridi, dizeli haiungui yote. Inaosha mafuta kwenye kuta za silinda, ringi zinalika, masizi yanaingia kwenye oili, na gari inakula dizeli zaidi bila mwenyewe kujua kwa nini. Hakuna siku gari itasimama barabarani ikakwambia tatizo ni themostati. Injini inazeeka kimya kimya, na siku ikifa unaambiwa "hizi 3L ndivyo zilivyo".

Na hata hilo la kuzuia kuchemsha ni uongo. Zipo injini ambazo themostati ina sahani mbili. Ikifunguka upande wa rejeta, sahani ya pili inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka tu humo humo ndani haionji upepo. Kwa hiyo kuna gari zinazochemsha KWA SABABU themostati imetolewa, halafu fundi huyo huyo anaitwa anasema rejeta ndogo, leta ya gari kubwa.

Gari ikichemsha kuna sababu, itafutwe. Rejeta imeziba. Kifuniko cha rejeta kimelegea: hiki watu wanakidharau, lakini kifuniko kilichoandikwa 0.9, yaani presha kinayoshikilia, kikiwa kizima, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118, kikichoka yanachemka kwenye 100 kama kwenye sufuria wazi. Mpira wa chini wa rejeta umelainika unajikunja ukikanyaga mafuta. Wota pampu imelika. Klachi ya feni, ile inayoikaza feni injini ikipata moto, imeishiwa mafuta yake. Gasketi ya hedi imeanza kupitisha. Vyote hivyo vinapimika. Kutoa themostati hakutibu hata kimoja, kunaficha tu mpaka siku umepakia, uko kwenye kona za Soni unaitafuta Lushoto kule juu karibu mita 1,400, gia ya pili, jua la saa saba. Hapo ndipo hedi inapinda, na hapo fundi wako yupo Tanga anakunywa chai.

Kuhusu maji ya kisima sitaki hata kubishana. Mnasema kulanti ni ya kuzuia kuganda na huku hakuna kuganda. Kazi yake nyingine ni kuzuia kutu na kulinda sehemu za alumini, na hiyo inahitajika Tanga kuliko pengine popote. Maji ya chumvi yanaacha ukoko ndani ya injini kama ule wa kwenye birika la chai, na chuma kilichovaa ukoko hakitoi joto lake kwenye maji. Wewe unayesema huna hela ya kulanti, angalau weka maji ya mvua.

Nilidhani yameishia hapo. Jioni nikaingia chini ya gari kuangalia boliti za springi nikakuta hili la pili, ambalo limeninyima usingizi zaidi ya lile la kwanza.

LN106 ina valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo. Imekaa kwenye chesisi, na inaunganishwa na ekseli ya nyuma kwa kifimbo cha chuma. Ukipakia, chesisi inashuka kuelekea ekseli, kifimbo kinaisukuma valvu, breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Gari ikiwa tupu inazipunguzia ili tairi za nyuma zisijifunge. Ndiyo kazi yake yote, na ni kazi ya maana sana kwa pikapu. Sasa ukinyanyua gari kwa springi, valvu inadhani gari ni tupu hata ukiwa na tani nzima nyuma, kwa hiyo lazima uirekebishe: unanyanyua kishikio cha kifimbo kule kwenye ekseli kwa kadiri ile ile gari ilivyonyanyuka, halafu unaipima kwa geji za presha.

Hawa wamefanya nini? Kifimbo hakikufika baada ya kunyanyua, wakakikata kwa msumeno! Kipande kilichobaki wamekining'iniza kwa waya wa kufungia nondo kwenye chesisi. Maana yake breki zangu za nyuma zilikuwa zinapata presha ya gari tupu, siku zote, na mimi nilikuwa najiandaa kupakia machungwa. Fikiria unashuka Lushoto kwenda Mombo na mzigo, breki za mbele karibu peke yake zinafanya kazi ya gari nzima, zinapata moto, pedali inaanza kushuka mguuni. Kuna watu wangu ninaowapakia kwenye ile gari. Mama yangu hupanda mle tukienda Muheza.

Wengine wanafanya kinyume chake, wanafunga mkono wa valvu juu kabisa wanasema "sasa breki zote zinakamata". Zinakamata kweli. Subiri mvua, gari iwe tupu, ukanyage ghafla, nyuma itakupita.

Kijana mmoja wa pale gereji alinifuata nje nilipokuwa naondoka. Amesoma VETA. Akaniambia, "Kaka, mimi niliwaambia ile valvu haikatwi, wakaniambia nisiwafundishe kazi." Kwa hiyo mtu anayejua yupo humo ndani na ananyamazishwa. Hilo ndilo limenifanya nije kuandika, maana nilikuwa naweza kurekebisha mwenyewe nikakaa kimya.

Na si mimi tu. Ukikagua pikapu zozote za zamani hapa mjini utakuta hivi hivi. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ile inayokwambia mkanda wa taimingi umefika wakati, fundi anachomoa balbu. Badilisha mkanda, halafu taa uizime kama kitabu cha gari kinavyoelekeza! Mkanda ukikatika kwenye 3L, valvu zinagongana na pistoni. Klachi ya feni inachomelewa ikawa chuma kimoja na puli, gari inalia kama ndege na nguvu inaliwa na feni, wakati mafuta ya silikoni ya kuijaza yapo, Toyota wanayauza kwa vichupa vya mililita 18. Saketi ya plagi za hita, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha gari, inakatwa, inawekwa swichi ya kubonyeza moja kwa moja kutoka kwenye betri, na zipo plagi za volti ndogo kuliko betri zinazoungua kwa mtindo huo. Hapa pwani hutagundua, gari itawaka. Ilale Lushoto usiku mmoja mwezi wa saba ndiyo utajua. Spotilaiti mbili za wati 55 zinakula zaidi ya ampea 9, zinaungwa kwenye waya wa taa ndogo bila rilei, fyuzi ikikatika inavishwa karatasi ya sigara. Gari zinaungua kwa hilo.

Sipingi kuongeza vitu. Yangu nimeiongezea springi, bampa, taa, bodi nimeijenga upya mwenyewe. Lakini kila ulichoongeza kinagusa kingine, na fundi analipwa kujua kinachoguswa. Kama hujui kifaa fulani kinafanya nini, kiache kilipo, umpigie simu mwenye gari. Simu tu! Na ukitoa kitu, kiweke kwenye mfuko umkabidhi mwenyewe pamoja na funguo, hata kama kimeoza.

Kwenu wenye gari: mkitoka gereji angalieni mshale wa joto kabla ya kumaliza kulipa. Ukisafiri kilomita kumi haujafika karibu na katikati, fungueni nyumba ya themostati. Ukinunua mpya, ijaribu kwanza: ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini, weka na kipimajoto, uone inafunguka wapi na inafunguka kiasi gani. Feki nyingi hazifunguki mpaka mwisho. Ukiifunga, kile kipini kidogo kinachocheza kikae juu ili hewa itoke, na utumie gasketi. Silikoni iacheni.

Yangu nimeshaweka themostati mpya, nimesafisha rejeta mara kadhaa mpaka maji yakatoka meupe, nimeweka kulanti. Mshale unapanda unakaa mahali pake. Kilichobaki ni kifimbo cha ile valvu. Gereji wameniambia watanichomelea nondo, nimekataa. Mpaka kipatikane gari haipakii mzigo. Aliye Tanga, Muheza au Korogwe mwenye LN106 iliyokufa uani kwake, au anayejua duka la vipuri vya mtumba lenye kifimbo hicho pamoja na kishikio chake cha kwenye ekseli, aandike hapa hapa chini, nitakifuata mwenyewe.