Naomba ushauri: Jinjo wananitoa jasho Rusty Bucket Bay

Wakuu, habari za jioni. Mjomba aliniachia Nintendo 64 yake pamoja na gemu ya Banjo-Kazooie ya mwaka 1998. Nilikuwa naenda vizuri tu mpaka nilipofika Rusty Bucket Bay, ile dunia (hatua) ya bandarini.

Kila dunia ina Jinjo (vile viumbe vidogo vya kuokoa) watano wa rangi tofauti, na ukiwapata wote unapewa Jiggy, kile kipande cha dhahabu cha fumbo la picha. Shida ni kwamba ukifa kabla ya kuwakamilisha, wote wanarudi walikokuwa! Jana nilishapata wanne. Nikaingia chumba cha injini, mguu ukateleza kwenye vile vyuma vinavyozunguka, kwisha habari. Nilizima tivii nikaenda kulala bila kula.

Na yale maji ya mafuta nayo hayana huruma, pumzi inakwisha upesi, hata ukielea juu.

Nauliza: nianze na chumba cha injini nikiwa sina cha kupoteza, Jinjo niwaache mwisho? Au kuna njia fupi mnayopita? Noti 100 za muziki za kukusanya nazo zinanisubiri, ila hizo tuziache kwanza. Aliyemaliza hii dunia anisaidie, kale kamluzi ka Jinjo sasa nakasikia hadi ndotoni.