Kamati iliyotupeleka kambi ya Ziwa Michigan, njooni hapa mtujibu

Wakuu salaam,

Tangu Ijumaa sijalala usingizi wa maana, mgongo unauma na nina hasira. Mods, uzi huu msiupeleke jukwaa la utani.

Kamati yetu (majina sitaji, wenyewe mnajijua) ilichangisha dola 90 kila familia twende kupiga kambi kwenye hifadhi ya jimbo la Michigan, huku Marekani, "kando kabisa ya maji." Tumefika, kiwanja chetu kiko msituni, nusu saa kwa miguu mpaka ufukweni, watoto wanalia njiani. Nafasi za hifadhi za Michigan hufunguliwa miezi sita kabla, na za karibu na maji wenzetu wanazigombania mapema. Nyie safari ya Julai mmeikumbuka Juni! Halafu mmelipia kiwanja kimoja, watu 15. Askari wa hifadhi, dada mpole kuliko tulivyostahili, alihesabu mahema yetu akabaki kashika kiuno.

Kuni nazo, mwenyekiti kazibeba kutoka nyumbani kwake, mwendo wa saa nne kwa gari. Kila kibao kinasema kuni nunua hapohapo uchome hapohapo. Hawaonei mtu: kuna mbawakawa wa kijani aliyegunduliwa huku Michigan mwaka 2002, ameshaua mamilioni ya miti, na anasafiri ndani ya kuni kama hizo. Muziki mpaka saa saba usiku, wakati ukimya unaanza saa nne, hata siuzungumzii.

Hayo yote ningemeza. Tatizo ni Jumamosi mchana.

Ufukweni zilipandishwa bendera nyekundu mbili. Maana yake hairuhusiwi kuingia majini, hata kulowesha magoti. Na hifadhi hizi hazina waokoaji, bendera ndiyo mwokoaji wako. Natoka chooni nakuta watoto wanne maji kiunoni, wangu akiwemo, na mjumbe wa kamati anawarekodi huku anacheka. Namuuliza vipi, ananijibu: "Tulia kaka, ni ziwa tu hili, siyo bahari."

Ziwa tu! Mimi ni mtu wa Mwanza. Mei 1996 meli ya MV Bukoba inazama Ziwa Victoria nilikuwa darasa la tano, na mtaani kwetu matanga yalikuwa nyumba hadi nyumba. Mtu wa namna hiyo unamwambia ziwa tu? Hili la Michigan lina urefu wa karibu kilomita 500. Upepo ukishaanza kukimbia juu yake hauna cha kuuzuia, na maji yanayosukumwa ufukweni lazima yarudi. Yakirudi yanafanya mkondo unaomburuta hata mtu mzima anayejua kuogelea, sembuse mtoto wa miaka saba.

Nimeingia na suruali, simu mfukoni, nikawatoa mmoja mmoja. Simu imekufa. Shukrani niliyopata ni shemeji mmoja kusema naharibu raha za watu.

Sasa kamati, nataka hesabu ya dola 90 za familia tano, maana kiwanja kimoja kwa siku mbili hakifiki hata nusu ya hela hiyo. Na mjumbe, ile video uliyoirusha kwenye grupu ukaandika "watoto wanafurahia" ifute leo. Bendera zote mbili zinaonekana nyuma yao.